Nilifukua Chupa ya Mama Mkwe, Sasa Ananiita Mwanangu

Shangazi mshauri, salamu nitazileta siku nyingine, leo naomba unishike mkono kwanza maana maji yamenifika shingoni, na nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo hapa kazini, nimekalia gunia la vifuniko vya chupa, na kila nikijisogeza vifuniko vinalia chini yangu, kwa hiyo ukiona sentensi imekatika ujue msimamizi amepita.

Mimi ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha chupa za maji, nina miaka thelathini na tisa, nimeoa, na shida yangu si mke wangu, mke wangu hana neno, shida ni mama yake, tena si kwamba ananichukia, angekuwa ananichukia nisingekusumbua, shida ni kwamba ameanza kunipenda, na naomba usicheke mpaka nimalize.

Huyu mama ni fundi cherehani, ameshona kwa miaka arobaini, na chumba chake cha kushonea kiko chini ya usawa wa barabara, kando kabisa ya mtaro, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha mtaro unaziba kwa chupa na maji yanaingia ndani bila hodi, na wiki niliyokwenda kuposa maji yalikuwa yameingia na kuharibu gauni jeupe la bibi harusi wa watu, likawa na rangi ya tope kuanzia magotini, basi mimi nimeketi pale na suti yangu ya kuazima, nikaulizwa kijana unafanya kazi gani, nikajibu kwa madaha kwamba natengeneza chupa za plastiki. Mama akaniangalia, akasema, "Kumbe ni wewe."

Tangu siku hiyo, miaka minane sasa, jina langu kwake ni Bwana Mtaro, ananiita hivyo mbele ya wateja, mbele ya majirani, na shemeji yangu alipooa kadi yetu ya mwaliko iliandikwa Bwana Mtaro na Mkewe, nikadhani mchapaji amekosea, kumbe orodha ya majina aliipeleka mama mwenyewe. Nilicheka kama wengine lakini ukweli iliniuma, na kadi ile sijaitupa mpaka leo.

Sasa mwaka jana kiwanda kikaleta mtambo mpya wa chupa za mimea, yaani plastiki yake haitoki kwenye mafuta ya ardhini, inatoka kwenye sukari ya mahindi, na kwa macho huwezi kuitofautisha na chupa ya kawaida, inang'aa vile vile, inalia vile vile ukiiminya, ila chini ina alama ya kajani kadogo. Tulipelekwa semina siku tatu, nikapewa cheti, na kwenye semina hiyo, hapa ndipo penye dhambi yangu, tuliambiwa wazi kwamba chupa hii inaoza ndiyo, lakini haiozi popote tu, inataka chumba maalumu cha mboji chenye unyevu na joto la nyuzi sitini lisilokatika, na maabara yetu ina kabati kama hilo la majaribio, sisi tunaliita bafu la mvuke, ukiweka chupa humo ukarudi baada ya miezi mitatu unakuta makombo. Kwenye udongo wa kawaida inaweza kukaa miaka, haina haraka na mtu.

Basi Jumapili moja nikaenda ukweni kula chakula cha mchana, nikabeba katoni nzima ya chupa hizo nikiwa nimevimba kichwa, nikazisifia weee, na shemeji yangu, huyu ni mwalimu wa udereva, mtu anayekosoa hata namna unavyofungua mlango wa choo, akachukua chupa moja akaimwaga maji, akatia chai ya moto ili aone. Chupa ikalainika, ikainama, ikamwaga chai yote kwenye suruali yake. Nyumba nzima ikacheka, shemeji akaruka, na mama akasema Bwana Mtaro zamani alikuwa anatuletea chupa zinazoziba, leo ametuletea chupa zinazozirai.

Shangazi, hapo ndipo nilipojipalia makaa. Nilisimama, mimi ambaye kwa miaka minane kwenye nyumba ile nilikuwa nasema asante na bafu liko wapi, nikasema, "Mama, imelainika kwa sababu huo ni mmea. Ifukie hapo kwenye maua yako, siku tisini utakuta udongo." Habari ya joto la nyuzi sitini ilikuwa iko mdomoni kabisa, inasubiri kutoka, lakini sentensi ilikuwa imetoka vizuri sana nikaona nitaiharibu.

Mama si mtu wa kusimuliwa. Akainuka, akachagua chupa mpya kwenye katoni, akakakagua kale kajani ka chini, akachukua uzi mwekundu wa cherehani akaufunga shingoni mwa chupa kwa fundo lake lile la kukazia vifungo, akasema hiyo ni alama asije mtu akamchezea, kisha akapiga magoti akaifukia mwenyewe kati ya waridi na bomba la maji, na kwenye kalenda ya ukutani akazungushia duara siku ya tisini. Shemeji akasema tutaona. Mimi nikasema tutaona, nikijua kabisa tutakachoona.

Siku ya sitini nilikwenda asubuhi kujifanya natengeneza bawaba ya geti, mama alikuwa dukani kwa vitambaa, nikafukua kidogo kwa kidole, na Shangazi, ile chupa ilikuwa nzima kuliko mimi. Hata tarehe ya mwisho wa kutumika ilikuwa inasomeka. Nilirudi nyumbani nikakosa hamu ya kula mpaka mke wangu akaniuliza kama nimefiwa na mtu kazini.

Basi siku ya themanini na sita nikamwambia msimamizi naumwa jino, nikapitia maabara nikachukua kwenye bafu la mvuke chupa moja iliyokuwa nusu imekwisha, tumbo lake linapukutika kama jani kavu, shingo tu ndiyo imebaki maana kule plastiki ni nene, nikaiweka kwenye boksi la viatu, nikaenda ukweni saa ambayo mama huwa kliniki kupima presha. Koleo sikuliona. Nikachukua upawa jikoni, nikafukua kwa upawa, nikatoa ile nzima nikaweka ile mbovu, nikasawazisha udongo, nikauosha upawa nikaurudisha, na ile chupa nzima na uzi wake nikaitia kwenye boksi langu la spana ambako iko mpaka sasa. Kuhusu uzi sikujisumbua, nilijiambia akiuliza nitasema umeoza pamoja na chupa, wala hakuuliza.

Siku ya tisini ikafika, ukoo wote umesimama bustanini, shemeji ameshika simu anarekodi ili nichekwe mbele ya dunia, mama akapiga magoti juu ya mto wa kochi, akafukua taratibu, akainua ile chupa na tumbo lake likamwagika mkononi mwake vipande vipande. Shemeji akashusha simu, sura imemshuka. Mama akaomba miwani, akaishika ile shingo, akaizungusha kwa kidole mara mbili, halafu akanitazama juu mpaka chini kama ananipima suti, akasema, "Mkwe, kumbe wewe ni fundi kweli. Sikujua." Shingo akaitia kwenye mfuko wa aproni, akasema tuingie tule. Wakati wa kupakua akanipa mimi kwanza, akasema tu kwamba upawa wake siku hizi una mchanga, akaupangusa akaendelea.

Tangu hapo Bwana Mtaro amekufa. Ananiita mwanangu. Mara ya kwanza aliponiita hivyo nilikuwa na tonge mdomoni nikashindwa kulimeza, maana mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano na sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kuniita hivyo akimaanisha.

Sasa sikia balaa. Mama ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, na Jumamosi hii ameitisha mkutano wa wakazi wote kuzungumzia mtaro na chupa, na ameniambia nitakaa kando yake pale mbele, "utaeleza kwa mdomo wako mwenyewe, yote," ndivyo alivyosema, na mimi najua watu wataambiwa kila mmoja achimbe shimo afukie. Habari imeshatangulia mkutano. Kinyozi wa jirani ameshafukia chupa ishirini na tatu, tena za kawaida kabisa zisizo na kajani, na kila asubuhi anazimwagilia maji. Nikimwambia mama ukweli nitampoteza siku ileile niliyompata, nikinyamaza mtaa mzima utapanda chupa kama viazi.

Nimefikiria kuumwa Jumamosi. Nimefikiria kusema udongo umebadilika. Nimefikiria hata kwenda nyumba kwa nyumba nikibadilisha chupa za watu, lakini bafu la mvuke halitoshi na upawa nitapata wapi. Mke wangu hajui chochote. Naomba unisaidie haraka, na kama huna jibu la maana basi nitajie tu ugonjwa mmoja usiohitaji cheti cha daktari.

Ni mimi, wa kwenye gunia la vifuniko.

*

Shangazi anajibu:

Bwana Mtaro, na samahani kwa kukuita hivyo, ila hilo jina jingine bado hujaniridhisha kwamba ni lako.

Kwanza shuka kwenye hilo gunia. Mtu mzima, una mke, una cheti, unajificha kati ya vifuniko. Pole nakupa, maana miaka minane ya kuitwa mtaro hadi kwenye kadi ya harusi si mchezo, na pale uliposhindwa kumeza tonge mimi nami niliweka kalamu chini kidogo. Pole imeishia hapo.

Ugonjwa sikutajii. Jino umeshalitumia, na kwa mwendo huu utamaliza viungo vyote kabla ya Krismasi.

Watu wengine huwapaka wenzao mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe umeleta na chupa yenyewe, ukaifukia, ukaifukua, tena kwa upawa wa mama wa watu. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ukweli wako ulikuwa unatosha. Chupa inayotokana na mahindi, ambayo ukiipa joto lake inarudi kuwa mboji, hiyo peke yake ni habari ya kumfanya mtu aache chai yake asikilize. Ungesema, mama, ina masharti yake, angekuuliza masharti gani, mngezungumza mpaka jioni. Wewe ukaona sentensi fupi ndiyo tamu. Sasa unaila.

Haya, chukua nakala ya barua yako uisome upya, safari hii kama fundi. Umeandika mwenyewe kwamba alifunga uzi mwekundu shingoni mwa chupa, kwa fundo lake, asije mtu akamchezea. Umeandika kwamba ile mbovu uliyomwekea ilibaki shingo. Umeandika kwamba aliomba miwani akaizungusha shingo mara mbili. Alikuwa anatafuta nini pale, tarehe yako ya kuzaliwa?

Nilimpigia simu fundi anayenishonea nikamuuliza uzi wa cherehani ukikaa ardhini miezi mitatu unakuwaje. Akacheka mpaka nikasikia mkasi umeanguka. Akaniambia, "Uzi wa siku hizi ni poliesta, dada. Nguo itaoza, uzi utabaki." Poliesta ni plastiki, Bwana Mtaro. Ni ndugu wa damu na zile chupa zenu za zamani. Kwenye ukoo ule wote uliosimama bustanini, watu waliopaswa kujua kwamba uzi ule hauwezi kuoza ni wawili, yeye kwa sababu ya cherehani na wewe kwa sababu ya semina. Mmoja hakusahau.

Mama mkwe wako anajua. Alijua palepale, akiwa amepiga magoti, na shemeji yako amemsimamia na simu inarekodi. Angetamka neno moja tu, uzi wangu uko wapi, na leo ungekuwa unachekwa mpaka na watu usiowajua. Badala yake aliitia shingo mfukoni akasema tuingie tule. Amekufichia, mwanamume wewe, mbele ya mwanawe wa kumzaa. Akakupakulia wa kwanza, akakudokezea mchanga wa upawa, ukala ukashiba na hukuona kitu.

Halafu akakwambia Jumamosi utaeleza kwa mdomo wako mwenyewe, yote. Wewe ulisikia anakutukuza. Mimi nimesikia mama anayekupa siku kadhaa ujirekebishe. Na hilo neno mwanangu usidhani alikosea kulitamka. Mkwe aliyedanganya, watu humfukuza wakamaliza, lakini mtoto aliyevunja sahani wanamsubiri aje aseme mwenyewe. Amekuweka kwenye kundi la pili. Usikae huko ukimfanya ajute.

Kwa hiyo humpotezi ukimwambia. Unampoteza ukifika Jumamosi ukakaa kando yake, ukakohoa, ukawahubiria watu wachimbe mashimo, naye anakutazama hivyo hivyo juu mpaka chini. Hapo hata mtaro hatakuita tena, hatakuita chochote.

Na harakisha. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza, gazeti lenyewe linatoka Jumatano. Fundi cherehani hakosi gazeti mezani, kama si la kusoma ni la kukatia patani za nguo, na sitaki barua yako imfikie wakati anapima mkono wa blauzi. Omba ruhusa leo, na usitaje jino. Mpitie mkeo umweleze njiani, atakasirika, mwache akasirike ndani ya gari kuliko mbele ya kaka yake. Usibebe keki wala kile cheti. Beba ile chupa iliyo kwenye boksi la spana. Ukifika iweke juu ya meza ya cherehani, sema, "Mama, hii ndiyo chupa yako, ile niliibadilisha mimi," kisha funga mdomo. Mambo ya nyuzi sitini usiyaguse mpaka aulize. Atauliza, huyo ni fundi, atataka kujua kitu kinafanyaje kazi.

Kabla ya Jumamosi umwone bosi wako pia. Mwambie mnauza chupa inayotaka joto maalumu kwa watu wenye bustani na jembe, kwa hiyo atenge gari la kupita mtaani kuzichukua zilizotumika. Akikataa, utasema mkutanoni kwamba amekataa. Pale mbele waeleze watu kwa Kiswahili cha kawaida kwamba chupa zote mbili zinafanana, waangalie kajani kale chini. Chupa yenye kajani haiozi bustanini wala mtaroni, ikitupwa ovyo inaziba kama dada zake. Isichanganywe na za kawaida, maana zile huyeyushwa zikatengenezwa upya na hii ikiingia humo inaharibu kazi. Iwe na gunia lake, na gunia hilo lirudi kiwandani kwenu likaoge mvuke. Hii ndiyo ile sentensi uliyoikata Jumapili ile. Irefushe tu, watu watakuvumilia.

Kinyozi mfuate nyumbani ukamsaidie kufukua zile ishirini na tatu. Tumia jembe. Shemeji atacheka hadi mwakani, nawe mwache acheke, suruali yake ililowa chai kwa ajili yako.

Sikuahidi kwamba hutarudi kuwa Bwana Mtaro. Huenda ukarudi wiki mbili, huenda mwaka. Ukiitwa, itika, kisha siku mvua ikinyesha uwe wa kwanza kushuka pale kando ya chumba chake na reki mkononi.

Jambo la mwisho. Ile chupa usiioshe kabla ya kumpelekea, na uzi mwekundu usiuguse. Aliufunga yeye, mwache aufungue yeye.